Nambari za Plazma na Nambari za Bamvua: Jinsi Data za Majaribio Zinavyosomwa na Kuandikwa

Jaribio la muunganiko wa viini vya atomi hudumu kwa muda mfupi na hugharimu fedha nyingi, na linapomalizika plazma iliyokuwa ikiwaka ndani ya mtambo hutoweka kabisa, kiasi kwamba kinachosalia mikononi mwa wanasayansi ni nambari tu, zilizonaswa na vipimo katika sekunde hizo chache. Kwa sababu hiyo, namna nambari hizo zinavyoandikwa, zinavyohifadhiwa na zinavyosomwa tena baada ya miaka mingi ni sehemu ya sayansi yenyewe, wala haifai kuhesabiwa kuwa kazi ndogo ya ukarani. Na kwa kuwa chombo kinachotumika leo kuifanya kazi hiyo, yaani lugha ya programu iitwayo Python pamoja na maktaba zake, hupatikana bila malipo, jambo hili linamgusa mwanafunzi wa Kisauni, Likoni au Changamwe, hata kama mtambo wenyewe uko maelfu ya kilomita kutoka pwani ya Kenya na huenda asiuone kwa macho maishani mwake.

Muunganiko wa viini ni tendo ambalo viini viwili vyepesi vya atomi hugongana na kushikamana kuwa kiini kimoja kizito zaidi, na katika kushikamana huko sehemu ndogo ya uzito wao hugeuka kuwa nishati, kama inavyotokea ndani ya Jua. Hapa duniani majaribio makubwa hulenga kuunganisha deuteri na triti, ambazo zote mbili ni aina za haidrojeni, ili zitoe heli na nyutroni moja. Na ili tendo hilo litokee kwa wingi, gesi hiyo sharti ipashwe joto hadi kupita nyuzi milioni 100, hali ambayo elektroni huachana na viini vyao na gesi ikawa plazma, inayopitisha umeme na inayoweza kuongozwa kwa nguvu ya sumaku. Mtambo unaotumika zaidi kwa kazi hiyo ni tokamaki, uliobuniwa katika Umoja wa Kisovieti katika miaka ya 1950, nao ni chombo cha duara kilicho wazi katikati, kilichozungukwa na koili za sumaku zinazoizuia plazma isiguse kuta zake. Tendo hili lisichanganywe na mpasuko wa viini, ambao ndio unaoendesha vinu vya nyuklia vinavyotoa umeme duniani leo, na ambao ndio ulioleta mabishano kuhusu mpango wa kujenga kinu huko Uyombo, Kaunti ya Kilifi: katika mpasuko kiini kizito kama cha urani huvunjwa, ilhali katika muunganiko viini vyepesi hushikamanishwa.

Ukubwa wa nishati iliyokwisha kupatikana unaweza kupimwa kwa kituo ambacho wakazi wa Changamwe wanakijua. Kituo cha umeme cha Kipevu III, kinachochoma mafuta mazito na kilichoanza kazi mwaka 2011, kilijengwa kikiwa na uwezo wa takriban megawati 120. Tokamaki ya JET, iliyokuwa Culham nchini Uingereza, ilifikia kilele cha megawati 16 za nguvu ya muunganiko mwaka 1997, na hata hivyo joto lililoingizwa ndani ya plazma ili kuipata nguvu hiyo lilikuwa kubwa zaidi, karibu megawati 24. Rekodi yake ya mwisho, iliyowekwa Oktoba 2023, ilikuwa megajuli 69 katika jaribio moja, nishati ambayo Kipevu III, ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, huitoa kwa muda usiotimia sekunde moja. JET ilizimwa Desemba 2023 baada ya miaka 40 ya kazi, na mtambo sasa unavunjwa kipande kwa kipande. Data zake ndizo zitakazoendelea kuishi.

Kila mara tokamaki inapowashwa, plazma ikazuka, ikashikiliwa na kisha ikazimika, wanasayansi husema kwamba mpigo mmoja umekwisha, na kila mpigo hupewa nambari yake ya kudumu. Ule wa mwisho wa JET ulikuwa wa 105,842. Katika mpigo mmoja vihisi vingi hufanya kazi kwa pamoja. Koili ndogo za waya zilizofungwa kando ya chombo hupima jinsi uga wa sumaku unavyobadilika, mwali wa leza unaotawanywa na elektroni huonyesha joto na msongamano wao, na vihesabio maalumu hurekodi nyutroni zinazotoka. Baadhi ya vihisi huchukua kipimo mara milioni moja kwa sekunde na vingine mara chache tu, hivyo kwamba nambari za kihisi kimoja hazilingani kwa idadi wala kwa wakati na nambari za kihisi cha jirani yake, na mtafiti anayetaka kujua joto lilikuwa kiasi gani pale mkondo wa umeme ulipofikia kilele hana budi kuzilinganisha safu mbili zilizopimwa kwa mwendo tofauti.

Hapo ndipo Python inapoingia. Lugha hii ilitolewa kwa umma mwaka 1991 na Guido van Rossum, mtaalamu wa kompyuta kutoka Uholanzi, nayo ilipendwa na wanasayansi kwa sababu maandishi yake ni mafupi na husomeka kwa urahisi hata na mtu ambaye hakusomea kompyuta. Maktaba, kwa maana inayotumiwa na waandishi wa programu, ni mkusanyo wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa na watu wengine, ambayo mtumiaji huyaita kwa jina na yakamfanyia kazi bila yeye kuyaandika upya. Maktaba iliyo msingi wa nyingine zote katika sayansi ni NumPy, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2006, na kazi yake ni kushika safu ndefu za nambari na kuzijumlisha, kuzizidisha au kuzichambua kwa mkupuo mmoja.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini maktaba inahitajika ni faili liitwalo G-EQDSK. Katika miaka ya 1980 watafiti wa kampuni ya General Atomics ya San Diego, Marekani, waliandika programu ya EFIT, ambayo huchukua vipimo vya sumaku vilivyopatikana nje ya plazma na kukokotoa kutoka humo umbo la plazma iliyo ndani, na jinsi mkondo wa umeme ulivyoenea humo. Matokeo yake huandikwa katika faili la maandishi ya kawaida, ambalo mtu anaweza kulifungua na kulitazama kwa macho. Karibu kila mstari una nambari tano, na kila nambari imetengewa nafasi 16 za herufi. Mpango huo ulifaa sana enzi ya lugha ya Fortran, lakini umeficha mtego: nambari chanya huacha nafasi ya kwanza wazi, ilhali nambari hasi huijaza nafasi hiyo kwa alama ya kutoa, kwa hiyo nambari mbili zinaweza kubanana bila pengo lolote, na programu inayozitenganisha nambari kwa kutafuta mapengo hukutana na mfululizo wa tarakimu usiosomeka, ikakwama. Maktaba ya FreeQDSK, iliyoandikwa kwa Python, huujua mpangilio huo, huhesabu herufi 16 kwa 16, na humpa mtumiaji kila kiasi kwa jina lake: mkondo wa plazma, nguvu ya uga wa sumaku, mpaka wa plazma.

Mtego wa pili katika faili hilo ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu hausababishi programu kukwama. Faili halisemi mkondo unahesabiwa kuwa chanya ukizunguka upande upi, wala halisemi kama kiasi cha uga wa sumaku kinachopita katika eneo fulani kimegawanywa kwa 2π au la, na anayekisia vibaya atapata jibu lililokosewa kwa zaidi ya mara sita huku mchoro wake ukionekana sahihi kabisa. Mwaka 2013 O. Sauter na S. Yu. Medvedev walichapisha orodha ya mapatano yote yanayowezekana kuhusu pande na alama hizo, wakayapa nambari, yakawa 16. Kwamba wataalamu wa fani moja, wanaofanya kazi kwenye mitambo ya aina moja, walikuwa wakiandika kiasi kilekile kwa njia nyingi hivyo ni ushahidi tosha kwamba nambari isiyo na maelezo haijakamilika.

Hata kiasi kinachoonekana chepesi kama joto kina hatari yake. Wanafizikia wa plazma hawapendi kutaja joto kwa kelvini. Hulitaja kwa elektronivolti, kizio ambacho kimoja chake ni sawa na takriban kelvini 11,600. Nambari 10,000 ikikutwa peke yake ndani ya faili inaweza kumaanisha plazma ya kelvini milioni 116, iliyo tayari kwa muunganiko, au gesi ya kelvini 10,000 ambayo haiukaribii hata kidogo.

Dawa iliyopatikana ni kuandika faili linalojieleza lenyewe. Wakazi wa Changamwe na Mikindani, ambako malori hupanga foleni yakielekea kwenye yadi za makontena, wanafahamu kwamba kontena lisilo na hati ya shehena ni mzigo usioweza kutolewa hata kama ndani yake mna mali ya thamani. Na faili la aina ya HDF5 au netCDF ni kontena ambalo hati yake imefungwa humohumo ndani, ikataja kila kifurushi, kipimo chake, kizio chake, tarehe yake na aliyekiweka, hivyo kwamba kifurushi na hati haviwezi kupotezana njiani. Kazi iliyozaa HDF5 ilianza katika Chuo Kikuu cha Illinois mwishoni mwa miaka ya 1980 na toleo lenyewe likatoka mwaka 1998, nayo netCDF ilianzishwa karibu wakati huohuo na kituo cha Unidata huko Boulder, Colorado, kwa ajili ya wataalamu wa hali ya hewa. Kuanzia toleo la nne la netCDF, lililotoka mwaka 2008, mafaili yake hujengwa juu ya HDF5. Kwa upande wa Python, maktaba ya h5py husoma na kuandika aina ya kwanza, maktaba ya netCDF4 aina ya pili, na maktaba ya xarray, iliyotolewa kwa umma mwaka 2014, huenda hatua moja mbele kwa kuruhusu mtumiaji kuomba data kwa majina, kwa mfano joto la katikati ya plazma kati ya sekunde ya pili na ya tatu, badala ya kuhesabu safu mlalo na safu wima.

Ni kupitia maktaba hizohizo kwamba jambo hili lina makazi Mombasa. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, inayojulikana kwa kifupi cha KMFRI, iliundwa mwaka 1979, na makao yake makuu yako Mkomani, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Ndani yake mna kituo cha taifa cha data za bahari. Tangu mwaka 1986 kipimo cha kina cha maji kimekuwa kikirekodi kupwa na kujaa kwa bahari katika Bandari ya Kilindini, kwa ushirikiano na Kituo cha Usawa wa Bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii, na kipimo hicho ni sehemu ya mtandao wa dunia unaosimamiwa na Tume ya Bahari ya UNESCO. Rekodi ya Kilindini, yenye mapengo hapa na pale kama zilivyo nyingi za aina yake, hupatikana kwa yeyote katika faili la netCDF, na kwa hiyo mtu aliyejifunza kufungua data za tokamaki anaweza kufungua data za mlango wa Likoni kwa amri zilezile.

Makosa yanayoweza kufanyika nayo ni yaleyale. Katika mafaili yanayotoka kituo hicho cha Hawaii, usawa wa maji wa kila saa huandikwa kwa milimita, na saa ambayo kipimo hakikufanya kazi huandikwa −32767, nambari iliyochaguliwa makusudi kwa kuwa bahari haiwezi kuifikia. Mwanafunzi asiyejua hilo, akichukua wastani wa mwezi wenye saa 720 ambamo saa kumi tu zilikosa kipimo, atapata usawa wa bahari ulioshuka kwa karibu nusu mita, katika fani ambayo swali kubwa ni ongezeko la milimita tatu au nne kwa mwaka. Maktaba ya xarray huisoma hati iliyo ndani ya faili, ikaona kwamba −32767 imetajwa kuwa alama ya kipimo kilichokosekana, na ikaiondoa kabla ya hesabu yoyote kuanza. Lakini huweza kufanya hivyo tu ikiwa aliyeliandika faili aliitaja alama hiyo mahali panapotakiwa.

Suala la wakati linahitaji uangalifu zaidi, na ni hapa ambapo mtu wa pwani ana faida ya kulielewa haraka. Mvuvi wa Mtongwe anayesema maji yatajaa saa tatu asubuhi anazungumzia wakati ambao saa ya kompyuta yake huandika 9:00 na ambao faili la Hawaii, linalofuata saa ya Greenwich, huandika 06:00. Maji huchukua zaidi kidogo ya saa sita kutoka kujaa hadi kupwa, kwa hiyo anayesahau tofauti ya saa tatu kati ya Greenwich na Afrika Mashariki atasoma maji ya nusu mahali ambapo bahari ilikuwa imejaa, na wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa Kilindini hupita mita tatu, kosa hilo ni la zaidi ya mita moja na nusu. Kwenye tokamaki sekunde ndizo zinazokosewa badala ya saa. Katika mitambo mingi sifuri ya wakati ni pale plazma inapozuka, lakini katika data za JET plazma huzuka kwenye sekunde ya 40, kwa sababu saa ya mpigo huanza kuhesabu mapema, wakati mtambo ukitayarishwa. Na anayelinganisha mpigo wa JET na wa mtambo mwingine bila kujua hilo atadhani plazma moja ilichelewa kuliko nyingine.

Mfumo wa kuhifadhi data unaotumika katika maabara nyingi zaidi za muunganiko duniani ni MDSplus, uliotengenezwa kwa pamoja na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maabara ya Los Alamos na watafiti wa Padova nchini Italia, na ambao leo huweza kutumiwa moja kwa moja kutoka Python. Mfumo huu hupanga data za kila mpigo kama mti: shina ni mtambo, matawi ni vifaa, na kwenye kila ncha huwekwa ishara moja, kwa mfano mkondo wa plazma. Kilicho kizuri zaidi katika mpango huo, na ambacho kingefaa kuigwa katika fani nyingine nyingi, ni kwamba ncha inaweza kuhifadhi nambari ghafi kama zilivyotoka kwenye kifaa, pamoja na kanuni ya kuzigeuza kuwa kiasi chenye maana, na kanuni hiyo hutekelezwa pale mtu anapoomba kusoma. Kifaa cha kunasa umeme hakijui ampea ni nini. Hutoa nambari kamili zinazolingana na volti zilizofika kwake, na nambari hizo sharti zizidishwe kwa kigezo kilichopatikana maabara ili ziwe ampea. Ikigundulika baadaye kwamba kigezo kilikosewa, hurekebishwa kanuni peke yake, na nambari ghafi hubaki kama zilivyokuwa. Vivyo hivyo kipimo cha rada kinachotumika bandarini hakipimi kina cha bahari: hupima umbali kutoka kwenye kifaa hadi juu ya maji, na usawa wa bahari hupatikana kwa kuutoa umbali huo katika kimo cha kifaa juu ya alama iliyowekwa ardhini na wapima ardhi. Kimo hicho kikiandikwa vibaya, au alama ikipotea gati linapojengwa upya, nambari za miaka mingi hupoteza maana isipokuwa kama umbali ghafi ulihifadhiwa.

MDSplus pia huruhusu kusoma kutoka mbali, kwa njia ambayo programu iliyo katika kompyuta ya mtumiaji hutuma ombi kwenye seva ya maabara na kupokea ishara iliyoombwa peke yake, bila kulazimika kupakua mpigo mzima wenye gigabaiti nyingi. Jambo hilo lisingewezekana kwa urahisi Mombasa kabla ya mwaka 2009, wakati mawasiliano ya intaneti ya Kenya na dunia yalipokuwa yakipita kwenye setilaiti kwa gharama kubwa; mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa na kuanza kazi, na nyingine zimefuata. Ruhusa ndiyo kizuizi kilichobaki, kwani maabara nyingi huwafungulia data washirika wao tu.

Kusoma, hata hivyo, ni nusu nyepesi ya kazi. Anayesoma vibaya hujidhuru mwenyewe na anaweza kurudia, ilhali anayeandika vibaya huwadhuru wote watakaokuja nyuma yake, ambao wengi hawatakuwa na mtu wa kumwuliza. Ndiyo maana maabara zenye nidhamu hufuata desturi ambazo maktaba za Python husaidia kuzitekeleza: data ghafi hufungwa zisiweze kubadilishwa baada ya mpigo kwisha, matokeo ya uchambuzi huandikwa mahali pengine yakiwa na nambari ya toleo, ili uchambuzi mpya usifute wa zamani, na kila toleo hubeba jina la programu iliyolizalisha, tarehe yake na mipigo iliyotumika. Mtafiti anayeandika wastani wake juu ya vipimo vya awali kwa sababu diski imejaa anafanya kitendo ambacho hakuna maktaba inayoweza kukitengua.

Urefu wa mipigo umeibadilisha kazi ya kuandika. Zamani mpigo ulidumu sekunde chache, vifaa vikajaza kumbukumbu zao, kisha data zote zikaandikwa diskini plazma ikiwa imekwisha kuzimika. Lakini Januari 2025 tokamaki ya EAST ya Hefei, China, ilishikilia plazma kwa sekunde 1,066, na mwezi uliofuata ile ya WEST huko Cadarache, Ufaransa, ikafikia sekunde 1,337, muda ambao hauruhusu kusubiri mwisho. Data sasa huandikwa kwa vipande vinavyoongezwa kimoja baada ya kingine huku mpigo ukiendelea, na faili lazima lisomeke na wengine wakati bado linaandikwa, kwa sababu walio kwenye chumba cha uendeshaji huamua hatua inayofuata kwa kuangalia kilichotokea dakika moja iliyopita. Kipimo cha bandarini, ambacho mpigo wake haukomi, kilikuwa kikifanya hivyo siku zote.

Kwamba data zilizoandikwa vizuri huishi muda mrefu kuliko chombo, pwani ya Kenya ina ushahidi wake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kupima miali ya eksirei kutoka angani, na miongoni mwa yaliyogunduliwa nayo ni gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, yaani plazma, iliyojaa katikati ya makundi ya galaksi. Setilaiti ilinyamaza mwaka 1973. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339 vya miali hiyo, bado hupakuliwa na kusomwa kwa Astropy, maktaba ya Python ya wanafalaki, na vyanzo vingi vingali vinaitwa kwa nambari ilizovipa.

Kwa upande wa muunganiko, juhudi kubwa ya kuandika kwa lugha moja imetokana na ITER, tokamaki inayojengwa kusini mwa Ufaransa na Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Washirika hao walikuwa kila mmoja na mfumo wake wa data, na kuandika programu ya kutafsiri kutoka kila mfumo kwenda kila mwingine kungekuwa kazi isiyokwisha. Kwa hiyo kulitengenezwa kamusi ya data ya mfumo uitwao IMAS, inayotaja kila kiasi kinachoweza kupimwa au kukokotolewa, ikakipa jina moja, kizio kimoja na mahali pamoja, na ikachagua mapatano mamoja kuhusu pande na alama, ili lile suala la mapatano 16 lisijirudie. Kamusi hiyo pamoja na maktaba yake ya Python zimewekwa wazi kwa umma katika miaka ya hivi karibuni. Ni kazi ya kuchosha kuisoma kamusi ya namna hiyo, yenye maelfu ya maingizo, na anayejifunza asikate tamaa akiona hawezi kuishika yote. Hata wataalamu huifungua kila siku.

Nayo Mamlaka ya Nishati ya Atomiki ya Uingereza imefungua kwa umma data za tokamaki ya MAST, iliyofanya kazi Culham kati ya mwaka 1999 na 2013, zikiwa katika muundo unaosomwa moja kwa moja na xarray. Mwanafunzi aliye na kompyuta ya kawaida na kifurushi cha intaneti anaweza leo kuchagua mpigo, kuchora mkondo wake wa umeme, kutafuta pale plazma ilipovurugika ghafla, na kuuliza swali ambalo huenda hakuna aliyeliuliza. Ni kosa kudhani kwamba lazima Kenya ijenge tokamaki kwanza ndipo vijana wake waifahamu plazma. Kinachokosekana zaidi ni walimu wa kuketi nao katika majuma ya kwanza, na hapa vyuo vya Mombasa vina nafasi, kwa sababu rekodi ya Kilindini ni somo zuri la kuanzia: ina mapengo, ina kizio, ina saa ya Greenwich, na anayeisoma anaweza kushuka hadi kivukoni Likoni akalinganisha mchoro wake na maji yenyewe.

Ratiba ya ITER iliyotangazwa mwaka 2024 inaonyesha kwamba utafiti katika mtambo huo utaanza mwaka 2034, na majaribio ya deuteri na triti mwaka 2039. Vipimo vyake vitaandikwa kwa majina na vizio vya kamusi ya IMAS, ileile ambayo mtu yeyote wa Kisauni anaweza kuipakua na kuanza kuifanyia mazoezi sasa.